Afya ya Nyumbani: Dawa ya Kupaka Inayozidisha Kidonda

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo linalowashangaza watu wengi, nalo ni hili: mtu ana kidonda au ukurutu, apewa dawa ya kupaka, aipaka kwa uaminifu kama alivyoagizwa, na badala ya kupona ngozi yake yazidi kuharibika. Wenye kumwuguza hawajui la kufanya. Wengine huongeza dawa. Wengine huitupa na kuapa kwamba hawatakanyaga tena hospitali. Na wako wengine, wala si wachache, huanza kuulizana kwa sauti ya chini ni nani aliyepita uani siku ile. Kwa ajili ya hao wa mwisho tumeona haifai kuchelewa kuandika.

Na tutwae mfano, ambao si wa mtu mmoja tu, maana kila mwuguzi aliyefanya kazi miaka kadha ameuona mara nyingi. Mama mmoja mzee ana kidonda cha siku nyingi juu ya kifundo cha mguu. Mwanawe aliye mjini amletea marhamu iliyonunuliwa kwa fedha nyingi. Juma la kwanza kidonda chapungua maji, na wote nyumbani wafurahi. Yapata siku ya kumi, ngozi iliyo kando ya kidonda, ile iliyokuwa nzima, yaanza kuwasha. Mama afurahi tena, maana watu husema kidonda kikiwasha chapona. Baada ya siku mbili ngozi ile imevimba, imetoa vipele vidogo vyenye maji, navyo vyapasuka na kuchuruzika. Wampaka dawa zaidi. Usiku hapati usingizi. Juma la tatu mwasho umepanda karibu na goti, hata mkono wake wa kuume, ule apakao nao dawa, umeanza kutoa vipele kati ya vidole. Siku iyo hiyo aja kumpa pole jirani ambaye waligombana naye kwa habari ya mpaka wa shamba. Na akiisha kuondoka, maneno yaanza.

Basi hapo ndipo yapasa mtu mwenye akili asimame na kutazama kwa macho kabla ya kusikiliza kwa masikio. Ugonjwa ule ulianzia wapi? Ulianza pale pale palipopakwa dawa, na siku za kwanza mpaka wake ulikuwa mpaka wa kitambaa kilichofunga kidonda. Ungeweza kuuchora kwa kalamu. Kisha ukatokea mkononi, kwa sababu mkono ndio uliochota marhamu. Mtu akiwa na ukurutu wa namna hii katika kope za macho, mara nyingi ataonekana kuwa alipaka dawa mahali pengine, kisha akajifuta uso kwa vidole visivyonawiwa, maana ngozi ya kope ni nyembamba kupita ngozi yote ya mwili. Hayo si mambo ya usiku wala ya mkono wa mtu. Ni njia ya dawa, nayo yaweza kufuatwa hatua kwa hatua kama nyayo za ng'ombe katika tope.

Jambo hili waganga wa siku hizi huliita mzio. Neno lenyewe wazee wetu walilijua tangu zamani, lakini kwa maana nyingine. Mzio ulikuwa chakula au kitu ambacho mtu alikatazwa, yeye peke yake au ukoo wake wote, naye akikila huambiwa atatoka vidonda au ataugua. Neno limebaki, bali maana imegeuka, na yafaa tutofautishe. Mzio huu wa ngozi haurithiwi na ukoo. Mtoto hazaliwi na mzio wa dawa aliyokuwa nao mama yake. Kila mtu huupata mwenyewe, baada ya ngozi yake kukutana na kitu kile mara moja au mara nyingi. Wala hakuna sadaka wala kafara iletayo mzio au iuondoayo.

Aliyefungua mlango wa maarifa haya alikuwa daktari wa Kijerumani, Josef Jadassohn wa mji wa Breslau. Mwaka wa 1895, katika mkutano wa madaktari wa ngozi uliofanyika Graz katika nchi ya Austria, alieleza habari za wagonjwa waliotoka ukurutu baada ya kupakwa marhamu ya zebaki, ambayo siku zile ilitumiwa sana kwa chawa na kwa maradhi mengine. Jadassohn hakutosheka kusema tu kwamba dawa ni kali. Alitwaa zebaki ile ile, akaibandika juu ya ngozi iliyokuwa nzima, akangoja. Na pale alipobandika pakatoka ukurutu. Watu wengine walibandikwa vivyo hivyo wasidhurike. Basi ikawa dhahiri kwamba kosa halikuwa katika dawa peke yake, bali katika makutano ya dawa ile na mwili ule. Neno la Kizungu la mzio lenyewe lilikuwa halijatungwa bado. Lilitungwa na Clemens von Pirquet mjini Vienna mwaka wa 1906.

Mtu atauliza, Mbona dawa ilikubali juma zima, kisha ikageuka? Jibu lake ndilo kiini cha mambo haya. Ndani ya ngozi mna walinzi wadogo sana wenye mikono mirefu mfano wa matawi ya mti. Wa kwanza kuwaona alikuwa Paul Langerhans, mwaka wa 1868, alipokuwa angali mwanafunzi huko Berlin. Naye alidhani ni sehemu ya mishipa ya fahamu, na ikapita karibu miaka 100 kabla kazi yao haijajulikana. Mlinzi huyo akikutana na kitu kigeni kilichopenya, hukishika na kukichukua mpaka kwenye tezi, zile zivimbazo kinenani au kwapani mtu akiwa na jeraha. Huko chembe nyeupe za damu hufundishwa kukitambua. Masomo hayo huchukua siku 10 au 14 hivi, na wakati huo wote mgonjwa haoni kitu. Kisha chembe zilizofundishwa hutoka na kuenea mwilini, na tangu siku ile, kitu kile kikigusa ngozi, huja kwa wingi kupigana nacho kana kwamba ni adui. Vita hiyo ndiyo uvimbe, ndiyo mwasho, ndiyo malengelenge. Nayo haianzi mara moja: mtu aliyekwisha kuwa na mzio hupaka leo, huona dalili kesho au kesho kutwa. Ndiyo maana watu hukosa kuunganisha dawa na madhara yake. Kilichokudhuru Jumatatu huonekana Jumatano, nawe umekwisha kula, kulala, kulima na kutembelewa na watu katikati.

Kwamba ni chembe zenyewe zinazobeba mzio huu, wala si maji ya damu, ilithibitishwa mwaka wa 1942 mjini New York na Karl Landsteiner pamoja na Merrill Chase. Walitwaa chembe nyeupe za simbilisi wenye mzio, wakawatia simbilisi wengine ambao hawakupata kukiona kitu kile kamwe, na wale nao wakawa na mzio. Huyu Landsteiner ndiye aliyegundua makundi ya damu ya binadamu, ambayo kwa ajili yake wengi wetu tumeongezewa damu hospitalini tukapona.

Lakini angalieni, si kila ngozi iliyochomwa na dawa ina mzio. Kuna kuungua pia. Mtu akisaga kitunguu saumu akakifunga juu ya ngozi usiku kucha, atatoka malengelenge, na jirani yake akifanya hivyo atatoka vile vile, na mtoto atatoka zaidi. Huko ni kuungua, hakuhitaji masomo ya siku 10. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wajua maji makali ya ganda la korosho yanavyobabua vidole vya wabanguaji. Nayo yana ubaya wa namna mbili: huunguza mtu yeyote, tena humfundisha mtu mzio, hata baadaye tone dogo tu lamtosha kuvimba. Vivyo hivyo dawa ya maji ya upele, ile nyeupe inayopakwa mwili mzima. Upele ukiisha kufa, mwasho huweza kukaa majuma 2 hata 4, kwa sababu mabaki ya wadudu yamo bado ndani ya ngozi. Watu wasiojua hayo hudhani dawa haikufaa, huipaka tena na tena kila usiku, na ngozi huungua kwa dawa hali upele umekwisha kuondoka zamani. Tumeona watoto wakiteswa hivi bila sababu. Pakeni kadiri ya mlivyoagizwa, kisha ngojeni.

Sasa tuje kwa vitu vyenyewe. Watu huuliza, Dawa gani ni mbaya? Swali hili limekaa upande. Marhamu moja ni kama mchuzi: mna kile kinachotibu, mna mafuta yanayokibeba, mna kitu cha kuzuia kuoza, na mara nyingi mna manukato ya kuwapendeza wanunuzi. Mzio waweza kuwa wa kimoja chao tu, nacho huenda kisiwe kile kinachotibu.

Katika vitu vinavyotibu, kimoja kimejulikana sana kwa mzio, nacho ni neomaisini. Iligunduliwa mwaka wa 1949 nchini Marekani na Selman Waksman na Hubert Lechevalier, waliokuwa wakitafuta dawa katika vijidudu vya udongoni, nayo huua vijidudu vingi vya vidonda. Haikosi sifa zake. Lakini ikipakwa siku nyingi juu ya kidonda kisichopona, au juu ya ukurutu wa zamani, huwafundisha watu wengi mzio. Na mtu akiwa nao, mara nyingi hukataa pia dawa zilizo ndugu zake, kama jentamaisini. Penisilini nayo, ilipokuwa mpya katika miaka ya 1940, ilifanywa marhamu na kupakwa kila mahali, mpaka ikaonekana kwamba watu wengi mno wapata mzio kwa njia ya ngozi. Hilo lilikuwa jambo la hatari, kwa maana mtu wa namna hiyo hana amani tena kupewa dawa ile kwa sindano siku atakapoihitaji kuokoa uhai wake. Kwa hiyo marhamu hizo ziliachwa. Dawa za salfa za kupaka zilipatwa na mambo hayo hayo. Kutoka hapo waganga walijifunza neno ambalo wauza dawa wengi hawajalisikia: dawa yenye thamani kubwa tumboni na mishipani haifai kuchezewa juu ya ngozi.

Iko pia benzokaini, dawa ya kufisha ganzi iliyomo katika marhamu za bawasiri na za kuumwa na wadudu. Hii ina ujamaa na rangi nyeusi ya nywele. Basi dada zetu wa pwani waliopakwa piko siku ya arusi, ile hina iliyotiwa rangi ya nywele ili iwe nyeusi, wakatoka malengelenge kufuata maua yote ya mchoro, na wajue kwamba mwili uliojifunza kuikataa rangi ile waweza kuikataa na benzokaini, ijapokuwa hawakuwahi kuipaka.

Katika mafuta ya kubeba dawa, kuna lanolini, ambayo ni mafuta yaliyotolewa katika sufu ya kondoo. Ilianza kutengenezwa kwa uganga huko Ujerumani mwaka wa 1882. Ina tabia ya ajabu: mtu mwenye ngozi nzima aweza kujipaka miaka mingi asione neno, lakini mwenye kidonda cha mguu akipaka mafuta yale yale huweza kupata mzio. Ndiyo sababu haifai kusema, Hii naijua, watoto wangu wote hupaka. Ngozi iliyovunjika ni mlango ulio wazi, na dawa haibishi hodi.

Manukato tusiyapite. Kuna zeri iitwayo zeri ya Peru, ingawa mti wake hautoki Peru bali El Salvador. Ilipata jina hilo kwa kuwa ilisafirishwa Ulaya kwa njia ya bandari ya Peru. Ilipendwa sana kwa vidonda na kwa upele, na katika karne ya 16 Mapapa wa Roma walitoa ruhusa itumiwe katika kutengeneza mafuta matakatifu ya krisma. Hata hivyo zeri hii ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio mara nyingi, na madaktari huitumia kuwa kipimo cha mzio wa manukato. Twataja habari hii kwa sababu iliyo karibu nasi. Siku hizi mafuta ya kuombea wagonjwa huuzwa yakiwa yametiwa manukato mengi. Mgonjwa akipakwa katika paji la uso na baada ya siku 2 akatoka vipele mahali pale, mtu asithubutu kumwambia kwamba ni pepo anayetoka, au kwamba imani yake ni haba. Kanisa lina mafuta ya zeituni yasiyotiwa kitu, nayo yatosha.

Na kitu kisichotoka kiwandani hakina ahadi ya usalama kwa sababu hiyo tu. Gundi ya nyuki, iliyosifiwa kwa vidonda, huleta mzio kwa watu wengi. Utomvu wa msonobari umo katika plasta nyingi za kunata, na mtu aweza kutoka ukurutu wenye umbo la plasta, pembe zake nne zikionekana wazi, akadhani kidonda chaenea.

Linabaki jambo moja lililo gumu kuliko yote. Katika maduka ya dawa huuzwa marhamu zilizochanganywa pamoja dawa 3: moja ya kuua vijidudu, na mara nyingi ni neomaisini au jentamaisini, moja ya kuua choa, na moja ya kutuliza uvimbe, ya jamii ya haidrokotisoni, ambayo ilianza kupakwa juu ya ngozi mwaka wa 1952. Hizo za kutuliza ni dawa njema mikononi mwa ajuaye. Lakini katika mchanganyiko huo hufanya hila: zatuliza uvimbe ule ule ambao mwenzake ameuleta. Mgonjwa apaka, apata nafuu nusu. Aacha, mwasho warudi kwa nguvu. Naye asema, Kumbe siwezi kuishi bila dawa hii. Hivi mtu aweza kuzunguka mwaka mzima, ngozi yake ikizidi kuwa nyembamba kama karatasi. Tena, ingawa ni kwa uchache, hata hizo za kutuliza zenyewe huleta mzio. Maoni yetu ni kwamba marhamu za dawa 3 hazifai kununuliwa pasipo kuonwa na mganga, hata kama mwenye duka ni ndugu yako katika Kanisa.

Jinsi ya kuutambua mzio katika ngozi zetu yataka maelezo, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa watu weupe, navyo husema ngozi huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vema. Tazameni badala yake weusi uliokoza kuliko mahali pengine, au rangi kama ya zambarau; pitisheni mkono mwone kama pana joto, pamevimba, pamekuwa pagumu kama ganda la chungwa. Na ukurutu ukiisha kupona huacha baka jeusi kwa miezi mingi. Baka hilo si ugonjwa, wala halihitaji kukwanguliwa. Wala msikimbilie dawa za kuchubua, kwa kuwa nyingine zina zebaki ile ile iliyowatia ukurutu wagonjwa wa Jadassohn. Mataifa yalipatana katika mapatano ya Minamata mwaka wa 2013 kwamba baada ya mwaka wa 2020 vipodozi vyenye zebaki visitengenezwe wala kuuzwa tena. Lakini bado huuzwa kwa siri.

Basi ngozi ikianza kuwasha chini ya dawa, acheni yote yanayopakwa, si ile moja tu mnayoishuku: marhamu, sabuni yenye manukato, mafuta ya mgeni, yote. Osheni kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Panapochuruzika, wekeni kitambaa safi kilicholowa maji hayo, mkibadilishe mara kwa mara, mpaka pakauke. Pakiisha kukauka, vaselini tupu isiyo na harufu wala rangi hutosha. Ni nadra sana mtu kuwa na mzio nayo, hata madaktari hutumia hiyo hiyo kubebea vitu vya kupimia mzio. Mkono usitiwe kucha. Kisha mgonjwa aende zahanati, naye achukue kila kopo na kila sanduku la dawa aliyopaka, hata yale aliyopewa na shangazi, hata dawa ya miti shamba, bila haya. Mganga asiyeona kopo hubahatisha.

Lakini msingoje nyumbani ikiwa uso au kope zimevimba hata macho yafumba, au mgonjwa apumua kwa shida, au ana homa, au panatoka usaha wenye harufu, au malengelenge yameingia mdomoni. Huyo apelekwe siku ile ile.

Hospitalini, pakiwa na vifaa, hufanywa kipimo ambacho asili yake ni kile cha Jadassohn. Vitu vinavyoshukiwa hutiwa kidogo kidogo katika visahani vidogo na kubandikwa mgongoni kwa siku 2, bila kulowa maji. Hubanduliwa, hutazamwa, kisha hutazamwa mara ya pili siku ya 3 au ya 4, kwa kuwa mzio hukawia. Si hospitali nyingi za nchi zetu zenye kipimo hiki. Lakini wako waganga wa ngozi katika wilaya nyingi waliofundishwa Moshi, katika chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka wa 1992 katika hospitali ya Kikristo ya KCMC, ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Na hao wajua kusoma ngozi hata pasipo visahani. Waulizieni.

Mtu anayetaka kujaribu mafuta mapya nyumbani, wala hayajamdhuru bado, na apake kidogo ndani ya kiwiko, mahali padogo kama sarafu, asubuhi na jioni kwa siku 7. Pakiwasha aache. Asifanye hivyo kwa dawa iliyokwisha kumtoa malengelenge, maana hiyo haihitaji ushahidi wa pili.

Mzio ukiisha kuingia hukaa miaka mingi, mara nyingi maisha yote, ijapokuwa ngozi imepona hata usione alama. Kwa hiyo kitu kikiisha kujulikana, jina lake liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo katika sanduku la dawa, wala si jina kubwa lililo mbele bali lile dogo lililo nyuma, katika orodha ya vilivyomo. Wenye viwanda huliandika kwa herufi ndogo mno, kana kwamba wanaona haya. Mpeni kijana mwenye macho mazuri awasomee. Majina ya mbele hubadilika toka duka hadi duka, lakini la nyuma ni lile lile Tanga, Mombasa na ng'ambo. Kadi hiyo ikae pamoja na daftari ya hospitali, isifungiwe sandukuni, na mgonjwa aionyeshe kabla ya kupewa si marhamu tu, bali vidonge na sindano pia; kwa sababu dawa iliyokataliwa na ngozi, ikimezwa au ikidungwa, huweza kuuamsha ukurutu mwili mzima, ukianzia mara nyingi pale pale pa zamani.

Na yule mama wa kidonda, wa mfano wetu? Watu wa namna yake, marhamu ikiisha kuachwa, mwasho hupungua kwa siku chache na ngozi hukauka katika majuma 2 au 3. Kidonda chenyewe hubaki, maana kina sababu zake, mara nyingi ni mishipa ya damu ya mguu, nacho chataka mguu uinuliwe na kufungwa bendeji ya kubana kwa ushauri wa mganga. Habari ya bendeji hiyo, na jinsi ya kupima kama mguu wafaa kufungwa, ni ndefu, nasi tutaiandika mwezi ujao, Mungu akitujalia.